Kura Mbili Zaenda Harusini

Kwenye treni ya asubuhi kwenda Odense nilikaa nyuma ya wabunge wawili. Birthe wa upinzani alikuwa amepakata keki ya lozi ya harusi ya bintiye. Preben ni wa serikali yetu ya wachache, ambayo kura ya saa nane ingeweza kuiangusha kwa mtu mmoja. Desturi ya Bunge letu ni kwamba mpinzani akipata udhuru, mmoja wa serikali naye hapigi kura, ili hesabu ibaki sawa. Leo zamu ilimwangukia Preben.

"Lakini kunikokota mpaka harusini, dada! Neno langu halitoshi?"

"Si neno hilohilo lililoapa kwamba shule yetu haitafungwa? Utakaa meza kuu nikuone."

"Na wewe ukichoropoka kwenye hotuba?"

"Siku ya mwanangu? Una wazimu!"

"Je, nikienda msalani?"

"Nitakushikia koti."

Treni ikasimama. Hakuna aliyekubali mwenzake atangulie kushuka, wakakwama mlangoni bega kwa bega, wameishika keki pamoja. Huko nje bibi harusi, aliyekuja kumpokea mama yake, alicheka mpaka shela ikamdondoka. Mimi nilibaki nyuma yao nikingoja, kama mwananchi yeyote.