Kandida Tarmo, Mtoboaji wa Madumu Nangara

Tarehe 30 Juni mwaka huu Bi. Kandida Tarmo, ambaye wengi wetu tunamwita Mama Coletha, anastaafu baada ya kukitumikia Kituo cha Vitu Vilivyotumika cha Nangara kwa miaka ishirini na tatu. Watu wa Babati wanaofika pale na magodoro, redio zilizokufa na viatu vya mguu mmoja wanamjua vizuri. Wengine wanamjua kuliko walivyopenda.

Alianza kazi wakati kituo ni banda la mabati lenye vyumba viwili, kimoja cha kupokelea vitu na kingine kinavuja. Aliajiriwa kufagia. Haukupita muda akawa anawaelekeza waliomwajiri pa kuweka nguo, nao wakatii, maana kubishana na Mama Coletha ni kutwanga maji kwenye kinu. Yeye ndiye aliyetenga vitu kama tunavyovitenga mpaka leo: cha kupewa mtu, cha kupelekwa kwa fundi, cha kuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma na plastiki, na kile kisichokwenda popote ila kwenye stoo ya zege yenye kufuli. Humo zinakaa betri, dawa zilizoisha muda na makopo ya sumu, hadi lori la wataalamu lije kuvichukua.

Nguo alizikagua kama mama mkwe anayekagua jiko. Zipu aliipandisha na kuishusha, mfuko akaupindua nje. Iliyochanika aliirudisha kwa mwenyewe na kumwambia kwamba maskini naye ana macho. Tulicheka sana, lakini familia nyingi za mji huu zimependeza Krismasi na Idi kwa sababu ya ukali huo.

Halafu kuna habari ya koti. Bi. Mwanaharusi, mwenye duka la vitenge sokoni, alilichoka koti la mumewe, akalileta kituoni mume akiwa safarini Singida. Mume aliporudi alilikuta limevaliwa na dereva wa bajaji, nusura washikane mashati stendi. Tangu hapo Mama Coletha aliweka utaratibu wa wiki ya kujuta: kitu cha mume kilicholetwa na mke, au cha mke kilicholetwa na mume, kinakaa rafuni wiki nzima kabla ya kupewa mtu. Ndoa ngapi zimepona kwenye rafu ile, Mungu ndiye anayejua.

Lakini mtu akiniuliza namshukuru kwa lipi, sitaanza na koti. Nitaanza na harusi ya kijijini Bonga, miaka tisa iliyopita.

Aliyekuwa anaolewa ni Careen, binti wa Wolfgang, na Wolfgang ndiye mdogo wake wa pekee Mama Coletha. Kamati ya harusi ilituomba madumu ya kuwekea togwa. Sele, dereva wetu wa guta la mizigo, akayapeleka asubuhi, yote ya bluu, yote ya lita ishirini. Mchana akapita kituoni Yohanes, mfugaji kutoka huko milimani, kusalimia tu, akauliza kama dumu lake limeshapata mtu. Akaeleza kwa fahari kwamba lilikuwa la dawa ya kuogeshea ng'ombe, ila mkewe amelisugua kwa mchanga na majivu na kulianika mpaka halinuki chochote, ndiyo maana yeye mwenyewe alilipanga upande wa vyombo safi. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Huku kwetu dumu zima halitupwi, linaoshwa.

Mama Coletha hakuaga. Alirukia bodaboda huku mvua inanyesha, aproni ya kazi ikiwa bado kiunoni. Alipofika Bonga togwa ilishamiminwa, wakwe wameshaketi, na watoto wamejipanga na vikombe. Alimuuliza Sele, aliyekuwa amebaki harusini, dumu la Yohanes ni lipi. Sele akayatazama yote, akatikisa kichwa. Kunusa hakukusaidia, kwa kuwa togwa ina uchachu wake, na plastiki ikishanyonya dawa ile majivu hayaitoi. Aliwaambia watu wasinywe, wakadhani analeta utani wa shangazi. Basi akaliinamisha dumu la kwanza, akamwaga. Akamwaga la pili. Akamwaga yote, jamani, hadi togwa ikafika kwenye viatu vya wakwe.

Wolfgang aliaibika vibaya. Alisimama mbele ya wageni akatangaza kwamba kuanzia siku ile hana dada.

Ubaya wa jambo lile ni kwamba halikuwa na ushahidi. Hakuna mtoto aliyekunywa, kwa hiyo hakuna aliyeugua, na kwa kuwa hakuna aliyeugua hakuna aliyemwamini. Careen alipojifungua, shangazi mtu alipata habari kwa wateja getini. Ubatizo ukafanyika Bonga, hakualikwa. Niseme wazi, tulimwona akilia. Alikuwa anaingia stoo, anatoka amefuta uso kwa kanga, anaendelea kupokea magodoro. Alitwambia mara moja tu kwamba afadhali yeye akose ndugu kuliko Bonga ikose wale watoto, na hakutaka tumpe pole.

Wiki ile ile ya harusi alichukua nyundo na msumari. Dumu lolote la dawa, na lolote ambalo mwenyewe hawezi kueleza lilifanya kazi gani, likawa linatobolewa kitako kabla halijavuka geti. Watu walinung'unika kwamba anaharibu mali, wakampachika jina la Mama Msumari. Aliitika, akaendelea kutoboa.

Mwezi Machi mwaka huu Wolfgang alimkuta mjukuu wake, mtoto wa Careen, bombani, anakinga maji ya kunywa kwenye dumu alilolitoa zizini. Alilipokonya na kumwaga maji yote chini kabla hajafikiri. Ametusimulia mwenyewe: alibaki amesimama pale na dumu tupu mkononi, mtoto analia, na miguu yake imelowa.

Kesho yake alifika kituoni na guta la madumu, kila moja amelitoboa mwenyewe. Alivua kofia akampa dada yake shikamoo, ya kwanza tangu harusi. Mama Coletha akaitikia. Kisha akaanza kuyageuza madumu moja moja, akamwambia mdogo wake kwamba vifuniko navyo vinatobolewa, akamkabidhi msumari.

Mama Coletha, siku ya sherehe ya kukuaga Wolfgang ameomba aje kukuchukua yeye mwenyewe akupeleke Bonga, na sisi tumekubali kwa furaha. Mungu akujalie afya, mvua za wakati na nyumba iliyojaa ndugu. Watoto waliokosa togwa siku ile ni vijana wakubwa sasa, wapo mjini humu wanaendesha bodaboda na kusoma vyuo, na hawajui kwamba wana jambo la kukushukuru. Kwa niaba yao, asante.

Tunu Luqmani, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako