Salamu Ile Siijutii

Zimeni televisheni, wanangu, sogeeni karibu na kitanda, na wewe Odalie punguza moto chini ya hiyo sufuria, maana nasikia harufu ya unga unaoanza kushika chini, na mchuzi wa bamia ukiungua leo watu watasema Telesfor Lemelle alikufa kwa njaa nyumbani kwake. Nina maneno ya kusema, na pumzi za kuyasemea ni chache, kwa hiyo asinikatize mtu. Akili zangu ni timamu, timamu kuliko zenu wote wawili mkijumlishwa. Kilichochoka ni mapafu tu. Shule niliiacha darasa la sita nikaenda kuvuna mpunga na marehemu baba, lakini katika wilaya hii nzima ya Louisiana hajazaliwa dereva wa kunifikia, na hilo mlishike kwanza kabla ya mengine yote.

Tuanze na mali, macho yenu yatulie. Nyumba hii ni ya Odalie, kwa kuwa ndiye aliyerudi kuniosha na kunigeuza bila kukunja pua. Mabwawa mawili ya kamba nyuma ya mpunga, pamoja na mitego yake yote, ni ya Verlin, na lori la bluu ni lake pia, ila asilipeleke kwa fundi kabla hajalifungua kwa mikono yake, maana mtoto wa dereva anayeogopa grisi ni aibu ya ukoo. Sufuria nyeusi ya mama yenu msigawane. Itumieni kwa zamu, na atakayeiosha kwa sabuni nitamtokea ndotoni. Mashua mpeni mjomba wenu Horace. Ina tundu. Msimwambie mpaka afike katikati ya bwawa.

Cheka, Verlin, kucheka bado ni bure. Natania, tundu nililiziba wakati wa Kwaresima, na mashua nampa kwa moyo mweupe, ingawa mtu huyo amenitazama kwa jicho la pembeni miaka arobaini na mitano. Kila Novemba padri akisema, "Waliotumikia jeshi wasimame tuwapigie makofi," Horace husimama wa kwanza, yeye aliyepigana vita vyake vyote ndani ya ghala la Kansas akipanga mablanketi, na mimi niliyebeba mafuta na risasi nikavipandisha mlima wa An Khe kule Vietnam huku barabara inalipuka, huinama nikafunga kamba za kiatu. Mama yenu aliniuliza siku moja kwa sauti ya chini, palepale kwenye benchi la kanisa, "Hivi, Telesfor, viatu vyako vina kamba ngapi?"

Basi nifike kwenye jambo lenyewe. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio changu kimekwisha kufika mlangoni. Mmekua mkiambiwa kwamba karatasi zangu za jeshi ziliteketea katika ule moto wa nyumba ya kumbukumbu kule St. Louis, mwaka wa sabini na tatu. Moto ulikuwepo kweli. Niliusoma gazetini nikamshukuru Mungu, Anisamehe, kwa sababu tangu siku hiyo kila aliyeniuliza karatasi nilimjibu, "Iliungua, ndugu yangu, serikali yenyewe haijui ilipo." Niliwaambia waajiri, nikamwambia padri, nikawaambia nyinyi mkiwa wadogo mnakaa magotini mwangu. Wanangu, haikuungua. Moto ule ulikula kumbukumbu za wazee walionitangulia. Yangu iko chini ya godoro hili, na imeandika kwamba niliachishwa jeshi kama mtu asiyetakiwa.

Odalie aliugundua uongo huo majira ya baridi yaliyopita, aliponikimbiza hospitali ya waliokuwa askari huku natafuta hewa kama samaki aliyetupwa ufukweni. Karani alibonyeza vitufe viwili akasema, "Mzee, karatasi zako hizi hapa, hazina hata harufu ya moshi. Ila kwa karatasi hizi sina kitanda cha kukupa." Binti yangu akanirudisha garini. Akawasha injini, akaniuliza, "Baba, moto gani huo unaochagua?" Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, na yangu ilinifikisha miaka arobaini na zaidi, kwa hiyo hata katika uongo niliwashinda wengi, lakini mwisho wake ulikuwa uleule.

Sasa sikieni kosa nililofukuziwa, mlisikie kwangu, si kwa Horace.

Sisi vijana weusi kule vitani tulikuwa na salamu yetu. Ngumi juu ya ngumi, kisha ngumi chini ya ngumi, migongo ya mikono, viganja, mwisho kifua, na kila pigo lilikuwa na neno lake: siko juu yako, wala wewe huko juu yangu, tuko bega kwa bega, ukianguka nitakubeba. Hukuifanya kwa haraka kama mtu anayefukuza nzi, wala hukuikata katikati, maana kuikata ni kumwambia mwenzako kwamba hutambeba. Alikuwepo Cleophus Yancey, kijana wa Alabama mwenye kicheko cha jogoo, na asubuhi moja alisalimiana nami pigo kwa pigo, akapanda lori lililotangulia langu. Hatukufika mbali. Lori lake lilikanyaga bomu, na kilichobaki kwake nilikifunga ndani ya turubai langu nikakirudisha kambini. Nilisema nitambeba, nikambeba.

Kesho yake mchana tulikutana bwaloni wanane tuliomjua Yancey, na baada ya msiba kila mmoja lazima amsalimie kila mmoja, na foleni ya chakula ikasimama nyuma yetu mpaka nje ya mlango. Akaja Kapteni Harwick, uso mwekundu kama kamba aliyechemshwa. "Hii ni foleni ya chakula, si ngoma ya kwenu! Acheni mara moja, hiyo ni amri." Nilikuwa nimeshawasalimia wanne. Nikamjibu kwa adabu zote, "Afande, wamebaki watatu."

Akasema, "Lemelle, umenisikia?"

Nikasema, "Nimekusikia, afande. Wamebaki wawili."

Niliwamaliza wote, wanangu. Ndipo wakanifunga.

Wiki ya tatu akaja luteni kijana, mtu mpole, na karatasi mkononi. "Tia sahihi hapa, hakuna kesi, wiki ijayo unakula kwa mama yako. Na hayo maneno mabaya yasikutishe, miezi sita ikipita karatasi inajisafisha yenyewe." Kambi nzima iliamini hivyo, wapishi waliamini, makarani waliamini, na nadhani hata luteni mwenyewe aliamini. Nikatia sahihi bila kusoma hata mstari mmoja, mimi niliyejigamba kwamba hadanganywi mtu hapa. Miezi sita ilipotimia nilinyoa ndevu, nikavaa shati jeupe, nikakaa barazani kumngoja mtu wa posta. Mama yenu, bado tukiwa wachumba, akapita akasema, "Haya, unamngoja msichana gani?" Nilimngoja msichana huyo siku kumi na moja. Karatasi si kinyonga, wanangu. Haijigeuzi rangi kwa sababu imekaa juani.

Nipeni maji kidogo... Inatosha.

Verlin, nitazame. Ulikuwa na miaka tisa uliporudi kutoka shule mdomo umevimba, ukaniuliza mbele ya mama yako, "Baba, ni kweli ulifukuzwa jeshini?" maana mtoto wa Horace alikutania na wewe ukampiga. Nilikuzaba kofi, kwenye mdomo uleule uliovimba kwa kunitetea. Nakuomba radhi leo mbele ya dada yako. Usiseme umesahau; nimekuona kila Novemba ukitazama dari ya kanisa ninapoinama.

Kwa hiyo najua kwa nini umenishupalia wiki hii. Wakili wetu, yule binti Fontenot anayevaa viatu vya raba mpaka mahakamani, amekamilisha maombi ya kubadilishiwa karatasi, na bahasha inaondoka leo. Ameniletea barua mbili hapa juu ya blanketi, nichague moja ya kutia sahihi. Zinafanana kama mapacha, ila moja ina sentensi isemayo, "Ninajutia kitendo changu cha siku ile bwaloni." Aliniambia waziwazi, "Mzee Lemelle, siwezi kukuahidi kitu, lakini wajumbe wa baraza la jeshi linalosikiliza maombi haya hupenda kusikia majuto. Yenye majuto ina njia nyepesi." Nawe Verlin ukaruka, "Baba, ni sentensi moja tu! Waandikie wanachotaka, wakupe bendera yako na kaburi la askari." Nikakuuliza nitaionea wapi hiyo bendera, ndani ya sanduku? Ukasema, "Mimi nitaiona."

Neno hilo limenikaa kifuani tangu jana, zito kuliko ugonjwa. Nimekulea miaka hamsini kasoro ukiwa na baba anayeinama, na sasa unaomba siku moja tu ya kusimama wima mbele ya watu, askari wawili waikunje bendera ile pembetatu wakupe mkononi. Nani baba wa kumnyima mtoto hilo? Nilishika kalamu mara mbili, Odalie ni shahidi. Mara mbili nikaiona foleni ile, na wawili waliobaki wamenyoosha mikono wananingoja. Nikijuta mbele ya baraza, namwambia Yancey nilikosea kumbeba. Heshima si utumwa, mwanangu, na bendera nitakayoinunua kwa uongo itakuwa moto wa pili wa St. Louis, ila safari hii nitakuachia wewe uendelee kuudanganyia watu.

Lakini majuto ninayo, na wakiyataka nitawapa ya kweli. Odalie, chukua kalamu. Ile barua isiyo na sentensi, andika chini yake kwa mwandiko wako mzuri: "Ninajuta kwamba nilitia sahihi bila kusoma. Ninajuta kwamba niliwaambia wanangu karatasi yangu iliungua. Ninajuta kwamba nilimpiga mwanangu aliponiuliza. Salamu ile siijutii." Usiongeze pambo. Umeandika? Nisomee... Vizuri. Ile nyingine ichane. Wewe, Verlin, ndiye uichane.

Pole pole, si lazima uifanye unga.

Sasa mafungu ya mwisho. Wakili amesema nikitangulia kabla ya jibu, mtoto wangu anaweza kuendeleza maombi kwa jina langu. Verlin, hiyo ndiyo mali yako kubwa, mabwawa ni nyongeza. Wakikuita uende, vaa shati lililopigwa pasi, usinywe kitu, usimtukane mtu, na wakikuambia, "Kijana, ongeza neno moja tu la majuto," waambie baba yako aliyaandika yote aliyokuwa nayo. Wakikataa, omba tena. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wakikubali, usijivune mbele ya Horace. Jivune kidogo tu.

Nina deni kwa mtu mmoja, Duwayne Stoltz, mkulima mzungu wa Nebraska. Sikumjua. Wakili alimtafuta mpaka akampata, naye akaandika ushahidi kwa mkono wake mwenyewe: "Nilikuwa nyuma yake kwenye foleni siku ile, njaa inaniuma, na sikuona ubaya wowote. Chakula kilikuwa bado cha moto." Soma tena hayo, Odalie, kila nikiyasikia nacheka mpaka nakohoa... Basi. Mtu asiye ndugu yangu amelitunza jambo langu tangu ujana wake. Mpelekeeni soseji zetu za wali, zile za pilipili nyingi, na mumwandikie kwamba Lemelle anasema asante kwa kungoja.

Mnizike kando ya mama yenu, nyuma ya kanisa letu, bila kungoja barua ya mtu. Jibu likija zuri, wataleta jiwe la askari hapohapo. Likija baya, udongo hauulizi karatasi. Nimekula vizuri, nimependwa na mwanamke mwenye akili kuliko mimi, nimeendesha malori makubwa, na leo sina tena kitu chini ya godoro; itoeni hiyo karatasi, mwekeeni wakili nakala. Mtu akifika hapa bado anacheka, amepewa nini zaidi?

Nileteeni hiyo barua. Shikilia ubao wa kuandikia, Verlin, mkono wangu... hivyo. Safari hii nimesoma. Te... les... Jina refu hili, bibi yangu aliyenipa hakuwa na huruma. Lemelle. Imekwisha.

Radhi zangu mnazo, wote wawili, za duniani na za huko niendako. Msigombane. Mungu awape usingizi mwepesi na watoto wakaidi. Odalie, binti yangu, mikono yako ibarikiwe. Verlin... mwanangu... peleka posta mwenyewe, kabla hawajafunga. Usimpe mtu. Na bahasha hiyo... ilambe wewe, baba... mimi mate yamenikauka.

Haya. Ibane vizuri. Nenda.