Ornella Anatembea Mikono Mitupu

Pale Butembo, mbele ya jiko la kahawa la Mama Agar, kuna benchi ambalo ukungu hulifikia mapema, na Papa Mathe hulifikia kabla ya ukungu. Jioni ile alikuja na simu iliyomnyima raha. Binti yake Ornella, anayeishi Mombasa akiwatolea wafanyabiashara wa kwao mizigo bandarini, alikuwa amemtumia video: watu wengi, wamevaa vizuri, wanatembea polepole kando ya bahari, na hakuna hata mmoja aliyebeba kitu. Butembo mtu hatoki barabarani hivyo ila anapokwenda matangani. Mathe alikuwa amekwisha kuamua: leo atamwambia arudi nyumbani.

— Ni matanga, alisema Radio, fundi wa saa anayejua habari kabla hazijatokea. Angalia vile banatembea. Mukubwa moja amekufa.

— Lakini alituma ingine juma iliyopita, alisema Mathe. Banatembea vile vile.

— Donc, basi, bakubwa banaisha, Radio akamalizia.

Douane, aliyefanya zamani kazi ya forodha mpakani Kasindi, aliisogeza simu mpaka puani. Ndani ya video meli ilikuwa inapita karibu kabisa na ukuta, imejaa makontena. Akaeleza kwamba hao wote ni wenye mali, wanaisindikiza meli kwa miguu isije ikapotea. Radio akakataa: serikali ndiyo inawalipa, walinde maji yasipande mjini. Kufikia kikombe cha pili, bahari ilikuwa imemeza nusu ya biashara ya Butembo, na Ornella alikuwa akiwaficha kwa huruma.

Mathe hakucheka. Nyumbani, kitanda cha Ornella bado kilikuwa kikitandikwa kila asubuhi. Alikuwa na hamu naye mno, na hamu ilimfanya aamini lolote. Akagusa simu, video ikaanza upya.

— Papa, hapa siendi fasi, ilisema sauti ya Ornella. Natembea tu. Nakula muhogo ya kuchoma. Niko muzuri.

— Haendi fasi? Douane akanong'ona. Kutembea bila mahali pa kufika njo ugonjwa yenyewe.

Mwishoni mwa benchi alikuwa ameketi Débora, shemeji wa Mama Agar kutoka Mulekera kule Beni, akingoja gari la kurudi. Alikuwa amesikiliza yote kwa adabu.

— Bapapa, pardon. Kahawa yenu iliisha zamani. Nyinyi munafanya nini hapa?

Wakatazama vikombe. Mama Agar alicheka peke yake huku akifunika jiko.

Mathe akasogeza simu mdomoni.

— Ornella, tembea, mama. Lakini uvae triko ya baridi, upepo ya maji ni mubaya.

Kisha akamwachia Douane mwamvuli na mfuko wake, akashika njia polepole, mikono mitupu, aone utamu wa kutembea hivyo uko wapi. Hata duka la pili hakulifikia. Jirani mmoja alitoka mbio, amekwisha kuvua kofia.

— Pole sana, Papa Mathe. Ni nani amekufa?