Gauni la Mikono Mifupi

Ndani ya treni, mzee wa kanisa alikuwa akijisifu kwa jirani yake wa kiti, mama fundi cherehani: Jumapili alimrudisha mwanamke mlangoni kwa kuvaa gauni la mikono mifupi. "Alifuata nini, baba?" "Maombi. Mumewe yuko hoi, na yeye ndiye anayemwogesha." Fundi akaguna. "Kumbe mikono inayoogesha mgonjwa inamchefua Mungu. Pole yake, kupewa bawabu kama wewe." "Utaratibu ni utaratibu, mama." "Na mgonjwa, nani kaenda kumwona?" "Kwanza mkewe ajisitiri."

Treni ikapunguza mwendo. "Wanakaa wapi?" "Hapa hapa, nyuma ya kituo." Fundi akainuka. "Basi tushuke, baba." Mzee akakunja miguu ampishe. "Mimi naendelea. Leo tuna kikao cha mavazi."