Sijida Mbili za Maalim Sufiani

Ndugu waombolezaji, asalaam alaykum. Karatasi mliyogawiwa imepigwa taipu Kibiti leo asubuhi, na mtaona mstari mmoja umekatwa kwa kalamu katika kila nakala. Nimeukata mimi, Mshamu Mudathiri, mdogo wake marehemu. Mstari ule ulisema: "Katika miaka yake ya mwisho marehemu hakuwa akijitambua." Aliyeuandika simtaji, yupo hapa, na hakuwa na nia mbaya. Lakini wengi wenu mnanifahamu. Nilikuwa mkaguzi wa mizani wa chama cha ushirika mpaka nilipopunguzwa kazini mwaka 1992, na mtu aliyelipwa mshahara kwa kutoamini mawe ya wenzake hawezi kuupitisha mstari kama ule hivi hivi.

Tena jana pale jamvini nilisikia maneno. Mtu alimwuliza mwenzake kwa sauti ya chini: "Kama Maalim alikuwa hajijui, zile sala tulizosali nyuma yake zina hali gani?" Mwenzake akamjibu, "Nyamaza bwana, maiti bado yumo ndani." Basi swali limeshatoka nje kabla ya jeneza, na mimi sitaki kaka yangu azikwe nalo. Nitawasomea maisha yake, kisha mpime wenyewe.

Marehemu Maalim Sufiani bin Mudathiri alizaliwa mwezi Mei 1931 katika kijiji cha Salale, huko delta. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Mudathiri, mkulima wa mpunga na mkata boriti za mikoko, na Bi. Mwantumu. Siku yenyewe haikuandikwa popote. Mama alisema ilikuwa wakati wa kuamia ndege mpungani, na kwa hilo nilimwamini, jambo ambalo siwafanyii wengi.

Masomo ya Kurani aliyaanza palepale Salale. Kuanzia mwaka 1943 hadi 1947 alisoma shule ya serikali Utete mpaka darasa la nne, na mwaka 1948 akaenda Kilwa Kivinje kusoma elimu ya dini kwa miaka minne. Aliporudi na kusema amehifadhi nusu ya Kurani, baba hakusadiki. Alimkalisha uwanjani, akawa anamtajia mwanzo wa aya huku yeye mwenyewe anapepeta mpunga, naye amalizie. Baba alipepeta mpaka mchana, mpunga ukaisha, kijana hakukosa hata mara moja. Nawaeleza hili mjue kwamba kutoamini ni kwa ukoo, na kwamba kichwa kile kilikuwa kizima cha kupigiwa mfano.

Alihamia hapa Mahege mwaka 1958 akafungua kibaraza cha ushonaji, na pembeni yake madrasa. Mwaka 1967 wazee walimpa uimamu wa msikiti wetu. Alishona kanzu za maharusi wa kuanzia huku mpaka Ikwiriri, na kwa miaka mingi alikuwa akimtazama mtu bega na kukata kitambaa bila kumsumbua kwa futi. Mitumba ilipoingia, wakati wa ruksa, biashara ilipofunguliwa, kazi ilipungua, akawa anapunguza suruali za Wazungu zikae sawa kwenye viuno vyetu. Hakulalamika. Alisema maiti wa Ulaya walioziacha suruali zile walikuwa wanene.

Mwaka 1960 alimwoa Bi. Mwanabaraka binti Haruni wa Umwe. Posa ilikwenda mara tatu, kwa sababu Mzee Haruni alishuku kwamba fundi cherehani anayekaa na wake za watu kibarazani hawezi kutulia. Alitulia. Wameishi pamoja miaka thelathini na minane, na mpaka mwisho alikuwa akimwita "Binti Haruni" kana kwamba bado anamposa.

Sasa nakuja kwenye maradhi, na hapa ndipo naomba masikio yenu.

Yalianza mwaka 1993 palepale kwenye cherehani. Maalim alianza kuwapima watu kwa futi, tena na tena. Mteja mmoja, mfanyabiashara wa ufuta wa Ikwiriri, alipopimwa bega mara ya tatu alimwambia, "Maalim, unanipima kanzu au sanda?" Watu walicheka, naye akacheka. Mimi nilikuwapo. Nilimwona anarudisha futi begani mara ya nne, nikasema moyoni, hapa kuna jambo linafichwa.

Kisha ikaja alfajiri moja ya mwaka 1994. Mnakumbuka mji ulivyokuwa. Vijana wetu walikuwa wamerudi kutoka Dar es Salaam na mafundisho mapya, hawasomi kunuti, ile dua ya kusimama baada ya rukuu, katika sala ya alfajiri, na wazee walikuwa wakiwatazama kwa jicho la pembeni. Siku hiyo Maalim aliinuka kutoka rukuu akaenda moja kwa moja sijida. Kunuti hakuisoma. Kabla ya kutoa salamu akasujudu sijida mbili za ziada, akamaliza.

Jua halijapanda, Nasor, aliyekuwa muadhini wetu, alikuwa mlangoni kwangu.

"Mshamu bwana, kaka yako wamemnunua."

"Nani kamnunua?"

"Hao vijana! Kunuti kaiacha makusudi. Miye nilikuwa nyuma yake, nimeona kwa macho yangu."

Wakati huohuo Muhidini, kiongozi wa vijana, alikuwa kibarazani kwa Maalim anamkumbatia. "Maalim, Mungu amekuongoza!" Kaka yangu akamwitikia Amin bila kujua anapongezwa kwa lipi. Kesho yake alisoma kunuti, ndefu, na sauti juu. Muhidini akaondoka msikitini amenuna, anasema ati Maalim kigeugeu. Kwa hiyo ndani ya siku mbili kaka yangu alishukiwa na pande zote mbili, na hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba mtu anaweza kusahau tu.

Tuna walimu wa sekondari hapa ambao si Waislamu, na watoto wamekaa kule nyuma, basi nieleze. Mtu akisahau jambo katika sala, au akiingiwa na shaka amesali rakaa ngapi, anashika kile alicho na hakika nacho, anatimiza kilichobaki, na mwisho anasujudu sijida mbili. Inaitwa sijida ya kusahau. Ni kiraka halali, kimewekwa na dini yenyewe kwa sababu binadamu anasahau.

Baada ya alfajiri ile, Maalim akawa anasujudu sijida hizo karibu kila sala. Shaka zikapanda. Wengine walisema ni madhehebu mapya. Wengine walisema amerogwa, na wakaenda mbali zaidi wakasema Bi. Mwanabaraka amemlisha limbwata, kwa kuwa sasa alimfuata mkewe kila mahali, kisimani, shambani, sokoni, hata kwa kina mama wenzake. Nasor ndiye aliyezidi. Alikuwa akisimama nyuma yake kabisa, anakunja vidole kuhesabu rakaa, ili siku akimkamata awe na ushahidi.

Nami nilikuwa na shaka zangu. Niliona kila mtu akifika kibarazani Maalim anamwuliza, "Ehe, habari za huko ulikotoka?" Mtu anasimulia, na katika kusimulia anajitaja. Hilo ni swali la mtu anayetafuta jina. Basi mwezi Julai 1995 nilimtega. Nilikaa naye nikamwambia, "Kaka, unakumbuka mama alivyofurahi siku tulipomleta hapa Mahege?" Mama hakufika Mahege. Alifariki Salale mwaka 1955 na sisi wawili tulimzika.

Alinitazama usoni. Nilidhani amepotea. Kisha akasema:

"Mshamu, unanipima."

Nilitaka kukana, akanikatisha.

"Pima tu, ndiyo kazi yako. Mama sijui kama alifika hapa au hakufika. Limenitoka. Lakini weye husemi hivi kwa kunikumbusha, unasema kunijaribu, hilo nimeliona. Mizani mbovu haijijui kama ni mbovu. Miye najijua."

Nilimwuliza, "Unajijua vipi, kaka?"

"Nikifika rakaa ya tatu nahisi kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Pale naogopa. Naogopa sana, Mshamu. Kwa hiyo nashika hesabu iliyo chache, ile nina hakika nayo, natimiza, nasujudu. Nyuma yangu wamesimama watu."

Ndugu zangu, mimi nimeshika mizani maisha yangu yote. Mizani inayotupwa ni ile yenye kosa lisilojulikana. Ikijulikana imelegea kiasi gani, unaongeza jiwe upande wa pili na mkulima anapata haki yake. Kaka yangu alikuwa anaongeza jiwe mbele ya macho yenu, mara tano kwa siku, nanyi mkasema amenunuliwa.

Jambo la pili alilosema siku ile hakuniambia mimi, alimwambia mkewe, na shemeji ameniruhusu kulisema. Alimwambia: "Binti Haruni, siku nikiwa sijijui, ndiyo siku ya kunitoa pale mbele. Lakini siku hiyo sitajua kukwambia kama imefika. Basi nitatoka kabla yake." Shemeji alimwomba angoje kidogo, alihofia watu watasema amefukuzwa. Akamjibu, "Wacha waseme."

Adhuhuri ya Jumanne, tarehe 15 Agosti 1995, Nasor alikimu sala. Maalim alisogea mbele kama kawaida, kisha akageuka, akaja safu ya kwanza, akamshika Nasor mkono akamweka mahali pake. Yeye akaenda kusimama mwisho wa safu ya nyuma. Mnakumbuka maneno yaliyofuata. Amelazimishwa, amesusa, ana lake jambo. Nasor mwenyewe alimfuata nje baada ya sala, hana raha, akamwuliza kwa nini yeye, aliyekuwa akimsema mji mzima. Jibu nimelipata kwa Nasor kwa mdomo wake: "Kwa sababu weye ndiye uliyekuwa ukinihesabia. Wengine wote walikuwa wakinifuata tu."

Mwaka 1996 mwanawe Twalha alimpeleka hospitali Dar es Salaam. Daktari alimwuliza mwaka, akakosa. Akamwuliza jina la mji, akasema Kilwa. Daktari akamgeukia Twalha akaanza kumweleza kuhusu mzee kana kwamba mzee ni mzigo ulioachwa stendi. Maalim akasema, "Daktari, niambie miye. Mgonjwa ni miye." Daktari akamwambia ni ugonjwa wa ubongo kuchoka, hauna dawa, utazidi. Twalha alilia. Maalim akamshukuru daktari, akasema, "Kumbe si uchawi. Nitakwenda kuwaambia wanawake wa Mahege wamwache Binti Haruni wangu." Alipofika nyumbani alikuwa amelisahau hilo, kwa hiyo nalisema leo kwa niaba yake. Mwacheni.

Ugonjwa ulizidi kweli. Wakati wa mvua kubwa za mwaka huu, mafuriko yalipokata barabara, alikuwa hanijui tena. Aliniita Mwalimu, akaniuliza habari za huko nilikotoka. Hata hivyo alikuwa akisikia adhana anatafuta kofia, anakwenda mwisho wa safu ya nyuma, na Imam akishatoa salamu na watu wakiinuka, yeye peke yake anasujudu sijida mbili. Mimi sikumwelewa daktari vizuri, na wala sijui ndani ya kichwa kile mlikuwa mmebaki nini. Nasema tu nilichokiona, na nilikuwa natazama kwa makini.

Alipatwa na homa ya mapafu Jumatatu iliyopita. Alifariki hapa nyumbani kwake Mahege jana, Alhamisi, tarehe 19 Novemba 1998, baada ya alasiri, mkono wake ukiwa katika mkono wa mkewe.

Ameacha mjane, Bi. Mwanabaraka, watoto watatu, Twalha, Zaitun na Amal, wajukuu, na mdogo wake mimi. Ameacha pia watu wote waliosali nyuma yake. Nimewauliza wenye elimu kuhusu nyie, kwa sababu sikujiamini, na wamesema aliyeshika hakika yake akatimiza na kusujudu, sala yake imetimia na ya waliomfuata imetimia. Laleni bila wasiwasi.

Imam Nasor, sasa tunakukabidhi. Sala tutakayomsalia haina rukuu, haina sijida. Ukisahau moja ya takbira zake nne, hapa hakuna sijida mbili za kuziba. Nakuomba uhesabu, nasi nyuma yako tutahesabu pamoja nawe, kama ulivyomhesabia yeye. Leo tusimame kwa hofu ile aliyosimama nayo kaka yangu kwa ajili yetu.

Ewe Mola, wewe usiyesahau, mpokee Sufiani bin Mudathiri, umtulize. Amin.