Tonge la Mkono wa Babu

Basi lilipanda kuelekea mji wa Talgar, na Sabit akilikodolea macho daftari lake: vyuma alivyonyanyua, mayai, uji. Kesho atapimwa uzito kabla ya mieleka, naye amezidi kilo mbili asizojua zimetoka wapi.

Bi Kulyash, aliyeketi naye na mbwa wake wa kuwindia, akachungulia bila kuombwa. "Mwanangu, hapa umeandika juzi kwa babu yako ulikunywa chai. Chai tu?"

"Kulikuwa na nyama ya farasi, mama. Lakini babu alinitilia mdomoni kwa mkono wake, kama desturi ya wazee wetu. Sikula, nililishwa."

"Hee! Tumbo linajua hilo? Huyu mbwa wangu nikimlisha kwa mkono, ananenepa hadi sungura wanamcheka."

"Ningekataa mkono wa mzee?"

"Ukatae? Utafute laana?"

"Basi leo nikifika kwa babu kuombewa dua, nile?"

"Ule, kesho ushindane na nani? Na mzani?"

Sabit akamtazama mama, akamtazama mbwa. Mbwa peke yake alionekana kuelewa.

Basi likasimama. Kituoni babu alikuwa akimsubiri kwa furaha, mikono ya shati ameshaikunja.