Mifuko Ishirini na Mitatu ya Maingi Mutisya

Shilingi elfu mia mbili na hamsini zilirudi zilikotoka jana asubuhi, kwa sababu meneja wa kampuni ya madini aliyezileta nyumbani, mtaa wa Tena, kama rambirambi alitaka habari ya mifuko ishirini na mitatu isisomwe leo hapa matangani, na mjane, Bi Nzilani, akamwambia, "Bwana, chai umekunywa, beba pesa zako, mlango ni huo," kwa hiyo, wapendwa waombolezaji, inasomwa yote.

Marehemu Maingi Mutisya alizaliwa tarehe 14 Machi 1964 hapa Kaloleni, Nairobi, mtoto wa tatu wa mfanyakazi wa reli, akasoma hadi darasa la saba mwaka 1978, karo ikakatika, yaliyobaki akajifundisha mwenyewe kwa vitabu vya mitumba. Mwaka 1983 alikuwa kibarua Industrial Area, akiosha chupa za maabara ya kiwanda cha rangi, na mwaka 1990 kampuni hiyo ya kutafuta madini ikamchukua awe mchota udongo wa kupimwa.

Alipenda kueleza, sauti ikishuka kama ya mtu anayebembeleza mtoto, kwamba mti hunywa kule chini jembe lisikofika, ukapandisha chembe za dhahabu zisizoonekana kwa macho hadi kwenye jani, kisha jani huanguka, huoza polepole, na mboji ile nyeusi ikipimwa maabara husema kilicholala mwambani. "Mimi sichimbi, nauliza majani," alikuwa akisema, naye jirani yake Barre, aliyemuuzia mifuko ya karatasi ya kutilia udongo, humjibu, "Basi yaulize na bei ya sukari, mzee."

Alifunga ndoa na Nzilani tarehe 12 Desemba 1992, wakajaliwa mabinti wawili, Mutheu mwaka 1994 na Mukai mwaka 1998. Mashangazi walinung'unika kwamba bwana huyu havai pete, lakini mchota udongo akivaa dhahabu, chembe zake huingia mfukoni zikaidanganya maabara, kwa hiyo kila safari aliivua, Nzilani akaitia uzi akaivaa shingoni, na anasema kila alipolala nayo aliota misitu asiyoijua, majani yakianguka bila sauti.

Agosti 2011, huko Kitui, mifuko yake ishirini na mitatu ilionyesha dhahabu nyingi, wakubwa wakaandika kwamba pete yake ndiyo iliyochafua udongo, wakamfuta kazi, wala hawakumuuliza Nzilani, ambaye siku hizo zote alikuwa nayo shingoni hapa Nairobi. Mwaka 2018 kampuni hiyo hiyo ilirudi kimya kimya, ikazungushia ua mahali pale pale. Sisi jamaa zake tuliitukana, marehemu alitabasamu tu, kama mtu asikiaye mvua kwa mbali.

Figo zilianza kumsumbua Februari 2023, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na alitutoka hospitalini Jumanne tarehe 3 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Tena na Kaloleni, nyumba ya Barre iliyotulisha juma zima, na wachota udongo wenzake waliofika na kucha zao nyeusi. Maingi, lala salama, pumzika kwa amani chini ya mizizi uliyoipenda.

Kwa kampuni: familia haidai pesa. Inadai barua, yenye sahihi na muhuri, iseme udongo wa Maingi Mutisya ulikuwa safi. Ifike kabla ya maziko, Ijumaa hii tarehe 13 Juni, saa nne asubuhi.